Wahamiaji wa Topla Banya

Kraa! Kimya. Halafu tena: kraaa!

Inspekta Iskra Belcheva aliisikia sauti hiyo kabla hajaona chochote. Vioo vya gari vilikuwa vyeupe kwa mvuke wa chemchemi za maji moto, ambao asubuhi za Desemba huushukia mji wa Topla Banya na kuumeza wote, kanisa, hoteli na ofisi ya manispaa. Akapangusa kioo kwa glavu. Hatua chache kutoka kwenye gari, mwanamume mwenye koti zuri jeusi alikuwa amempa mgongo. Alikata selotepu kwa meno, akaibana karatasi kwenye nguzo ya taa, kisha akailainisha kwa kiganja, polepole, kuanzia juu hadi chini. Alipomaliza aliingia kwenye mvuke na kupotea.

Tangazo la msiba, basi. Nguzo, milango na miti ya Bulgaria nzima imevaa karatasi hizo, picha ya marehemu katikati, msalaba juu, jina chini. Iskra alikuwa akizipita tangu anabeba mkoba wa shule, na kama watu wote wa nchi hiyo, alikuwa ameacha kuziona. Akageuza macho.

Mlango wa pili ukafunguliwa, ikaingia baridi, ikafuata harufu ya banitsa ya moto, mkate wa matabaka wenye jibini, mwisho akaingia Sajini Tsonko wa polisi wa mji, barakoa ikiwa kidevuni.

"Karibu Topla Banya, afande, mji ambao watu hawafi." Akamsogezea mfuko wa karatasi. "Kula kwanza. Jibini ya mama mkwe wangu. Yeye mwenyewe ni sumu, lakini jibini yake haina neno."

"Pandisha barakoa yako. Nani kasema hawafi?"

"Meya. Hukuona bango pale njia panda? 'Mji Salama.' Hoteli ya maji moto imejaa hadi Mwaka Mpya. Sofia wamejifungia ndani, huku wanaogelea."

"Na wewe unaliamini bango?"

Tsonko alitafuna bila haraka. "Mimi naamini mshahara, afande. Unalipwa na serikali, bango nalo ni la serikali."

Iskra akacheka na kuwasha gari. Alichotumwa kutafuta kilikuwa kimoja tu. Mwaka huo wa korona nchi nzima ilikuwa imepimwa na watu wa takwimu kama mgonjwa anavyopimwa homa. Pato la taifa lilikuwa limeshuka, viwanda vimepunguza watu, harusi zimeahirishwa, na vifo vya mwezi wa kumi na moja vilikuwa vimepanda katika kila wilaya, kwingine mara mbili ya kawaida. Kila wilaya isipokuwa hii. Kwenye jedwali la taifa, safu ya Topla Banya ilikuwa imetulia kama maji ya kwenye beseni. Mabosi wa Sofia walimshuku mtu mmoja: daktari mkuu wa hospitali, kwamba anaficha maiti ili asifungiwe wodi.

"Tuanzie hospitali," alisema.

* * *

Daktari Emel Aliosmanova aliwapokea kwenye ngazi za nyuma, mahali pa kushushia mizigo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, alama za barakoa zimemchimba mashavuni. Hakuwapa mkono wala hakuwaalika ndani.

"Kwa hiyo ni wewe uliyetumwa," alisema. "Haya, tafuta. Labda nimewapanga chini ya vitanda."

"Daktari, nina maswali matatu tu."

"Nami nina moja, binti. Lakini uliza wewe kwanza, wewe ndiye mgeni."

"Mgonjwa akifariki hapa, unampa nani taarifa?"

"Msajili wa vizazi na vifo, pale manispaa. Siku hiyohiyo. Ognyan Hadzhiev. Anapokea, anagonga mhuri, ananirudishia nakala."

"Nakala zipo?"

Emel alimtazama, kisha akamwita muuguzi kwa sauti iliyofika hadi ghorofa ya pili. Jalada lilipokuja, Iskra alilifungulia palepale kwenye ngazi. Hati moja, ya pili, ya kumi, zote zina mhuri wa msajili. Hakuna karatasi iliyokatwa, hakuna tarehe iliyofutwa. Mwezi wa kumi na moja peke yake ulikuwa mnene kuliko majira mazima ya baridi ya mwaka uliotangulia. Tuhuma zote za mabosi wa Sofia zilikufa pale kwenye ngazi. Daktari hakuwa amemficha mtu yeyote.

"Swali la tatu," Iskra alisema. "Kwa nini hukupiga kelele?"

"Kelele?" Emel alicheka kicheko kikavu. "Njoo usikilize kelele zangu." Akasukuma mlango kidogo kwa kisigino. Kutoka ndani ilitoka sauti ya oksijeni, shiiii, vitanda vingi kwa pamoja. "Mkoa unagawa mitungi kila Ijumaa jioni. Wanafungua jedwali, wilaya yenye vifo vingi inapata mingi. Sisi kwenye jedwali ni wazima, basi tunapewa ya watu wazima. Nikiwapigia simu wananiambia, 'Daktari, takwimu zako nzuri, hongera.' Hongera! Wiki iliyopita nilimpa mtungi babu mmoja nikamwambia jirani yake asubiri. Leo Ijumaa. Wakinigawia kama Ijumaa iliyopita, Jumapili nitakuwa nachagua tena. Swali langu ndilo hilo: jioni hii utakuwa umeshajua nani anatufanya wazima? Niahidi."

"Siahidi nisichokijua, daktari."

"Ahaa. Angalau wewe huna uongo. Waliokutangulia wote walisema 'tutaangalia'."

Akaingia ndani. Mlango ukajifunga wenyewe.

"Huyo mama mkali," Tsonko alinong'ona. "Alinitoa nyongo akanipigia kelele kwa nini ilikuwa kubwa."

* * *

Ofisi ya usajili ilikuwa na joto, maua ya dirishani na harufu ya kahawa. Ognyan Hadzhiev alisimama kuwapokea. Suti yake ilikuwa imepigwa pasi, tai imenyooka, viatu vinang'aa. Ila ndevu zake zilikuwa za wiki kadhaa, za kijivu, zimeota ovyo na kuchungulia pande zote za barakoa kama majani kwenye paa zuri.

"Kaka Ognyan, umekuwa padri?" Tsonko alimtania.

"Na wewe je, hizo ndevu zako ni za dini gani?"

"Zangu ni za mke wangu. Kasema zinaficha kidevu cha pili."

Hadzhiev alitabasamu kwa macho tu, akamgeukia Iskra. "Inspekta, ofisi hii haina siri. Uliza unachotaka." Na bila kuombwa akageuza kompyuta ili na yeye aone.

Iskra aliuliza kuhusu hati za hospitali. Zipo? Zipo. Zote zimeingizwa? Zote, hakuna hata moja iliyoachwa. Basi kwa nini wafu hao hawamo kwenye jedwali la Topla Banya?

"Kwa sababu hawakuwa wakazi wa Topla Banya," Hadzhiev alijibu, mtulivu kama mwalimu. "Sheria ya takwimu, inspekta. Mtu anahesabiwa anapoishi, siyo anapofia. Hao walikuwa wamehamisha anwani zao. Sofia, karibu wote. Kwa watoto wao."

"Nionyeshe uhamiaji wa mwezi wa kumi na moja."

Alibonyeza. Safu zikashuka. Iskra aliegemea mbele, viwiko mezani, akazisoma kwa dakika nzima. Kisha akaanza kucheka, taratibu, hadi Tsonko akamwangalia kwa wasiwasi.

"Bwana Hadzhiev, unasoma taarifa za takwimu za taifa?"

"Kwa kazi yangu, lazima."

"Basi unajua mwaka huu watu wamehama kwenda wapi. Vijijini. Sofia imemwaga watu wake kama gunia lililotoboka. Wenye bibi kijijini wamekimbilia kwa bibi, wasio na bibi wamekodi. Watu wamebadilisha anwani ili tu polisi wa vizuizini wawaruhusu kupita. Nchi nzima inatoka mjini kuja huku. Halafu hapa kwenu, katikati ya kimbunga, wazee wa miaka sabini na themanini wanafungasha na kwenda kuishi kwenye maghorofa ya Sofia, lifti moja watu mia. Mto mmoja tu nchini unaopanda mlima, nao uko kwenye meza yako."

Hadzhiev hakutikisika. "Wazee huwafuata watoto wao. Walienda, wakayakumbuka maji yao, wakarudi kuoga, wakaugua hapa. Ni ajabu, nakubali. Ajabu si kosa. Kila mmoja alisaini."

"Saini hizo zinaweza kuwa za mtu yeyote."

"Ithibitishe, inspekta. Waulize wenyewe." Akanyoosha mikono. "Au zungumza na familia zao, moja baada ya nyingine. Mwezi mmoja utatosha, ukijitahidi. Sisi tunafunga jedwali la wiki leo alasiri."

Alisema kweli, na alijua kwamba Iskra anajua. Karatasi zake zilikuwa safi. Mtu aliyekufa hawezi kuitwa kueleza mwezi uliopita alilala wapi.

"Nichapishie majina ya wahamiaji," Iskra alisema.

"Kwa furaha."

* * *

Nje, mvuke ulikuwa umeanza kupanda. Tsonko aliwasha sigara, akamtazama bosi wake wa siku moja akikunja karatasi ya majina na kuitia mfukoni bila kuisoma.

"Katushinda, afande. Kaka Ognyan ana kichwa. Shuleni alikuwa akituandikia mashairi ya wasichana, tunamlipa kwa mbegu za alizeti."

Iskra alisimama kwenye ngazi ya mwisho. "Alikuwa akiandika nini?"

"Mashairi. Mpaka leo. Siku ya manispaa lazima asome beti, hata kama mvua inanyesha."

"Tsonko, wewe hunyoi kwa sababu ya uvivu."

"Afande, tulielewana kuwa ni mke."

"Yeye si mvivu. Mtu anayepiga pasi hadi kamba za viatu hawezi kusahau wembe kwa wiki tano. Mwanamume wa Kibulgaria mwenye tai nzuri na ndevu mbaya, wewe unamwambiaje?"

Sigara ya Tsonko ilisimama nusu ya njia. "Pole na msiba," alisema. "Mfiwa huku hanyoi hadi arobaini."

"Kafiwa na nani?"

"Mama yake. Bibi Velika. Ah, mama yule! Alikuwa akiuza soksi za sufu pale kwenye bomba la maji moto. Alitangulia mwanzoni mwa mwezi uliopita. Keshokutwa wanatimiza arobaini, nami nimealikwa. Ngano ya kuchemsha na divai..." Akageuka kulitazama dirisha la usajili.

Iskra alikuwa ameshaanza kutembea. Kraa, kraaa. Koti zuri jeusi, na kiganja kilichoilainisha karatasi kama anayelainisha shavu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya taa, mahali alipoegesha gari asubuhi, hatua chache tu. Nguzo ilikuwa imebandikwa matangazo juu ya matangazo, mengine yameloa na wino umetiririka. Lile la juu lilikuwa jipya na kavu. Bibi mwenye kitambaa kichwani alimtazama Iskra kutoka pichani kana kwamba anamuuzia soksi.

Velika Hadzhieva. Siku arobaini bila mama yetu. Chini ya jina, ubeti mmoja:

*Mama hukuyahitaji, majumba ya huko mbali,*
*Ulipendacho ni maji, yachemkayo asili,*
*Hukulala nje ya mji, maisha yako kamili,*
*Kando ya jiko, mpaji, ukaikata kauli.*

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: mwanao Ognyan.

Iskra aliitoa karatasi ya majina mfukoni, akaifungua, akashuka kwa kidole hadi kwenye herufi ya ukoo huo. Kidole kikasimama.

"Soma," alimwambia Tsonko.

"Hadzhieva, Velika. Kutoka Topla Banya, kwenda Sofia, mtaa wa Lyulin..." Tsonko alitoa sigara mdomoni. "Lyulin? Bibi Velika? Yule alikuwa hakubali hata kwenda mji wa pili kung'oa jino! Nani kamhamisha?"

"Mshairi," alisema Iskra. Akapenyeza ukucha chini ya selotepu, akaibandua karatasi kwa uangalifu, bila kuchana pembe hata moja.

* * *

Safari hii Hadzhiev hakusimama. Labda aliuona uso wa Tsonko kwanza.

Iskra alilaza tangazo mezani, picha ikimwelekea mwanawe, akavuta kiti, akaketi.

"Huna haki ya kulibandua hilo," Hadzhiev alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imepungua. "Keshokutwa ni arobaini yake."

"Nitalirudisha mwenyewe. Nisomee mstari wa tatu."

"Inspekta..."

"Umeuandika wewe. Usome."

Mwisho akausoma, kwa sauti ya chini, lakini kwa mizani yake kamili, maana hakujua kuusoma vingine. "Hukulala nje ya mji, maisha yako kamili."

"Na hapa kwenye kompyuta yako amelala Lyulin wiki nzima kabla ya kufa. Mmoja wenu ni mwongo, Bwana Hadzhiev. Msajili au mtoto?"

"Unaweza kusema ubeti ni ubeti tu."

"Mimi siwezi kusema hivyo. Wewe unaweza?" Iskra aliusogeza uso wa bibi karibu zaidi. "Sema sasa hivi, mbele yake, kwamba ulidanganya kwenye tangazo la arobaini ya mama yako. Sema nami nitatoka mlango ule sitarudi."

Hadzhiev aliitazama picha. Aliweza kuidanganya wizara, mkoa, na jedwali lote la taifa, na alikuwa amefanya hivyo kwa mkono usiotetemeka. Hili hakuliweza. Alivua barakoa, akajifuta uso kwa kiganja, ndevu zikalia chini ya vidole.

"Alikuwa wa kwanza," alisema. "Meya alikuja nyumbani na shada la maua. Alisema tukiingia kwenye orodha nyekundu ya wilaya hatari hoteli itafungwa na nusu ya mji itakosa kazi. Alisema, anza na wa kwako, ndipo hakuna atakayekunyooshea kidole. Nikamhamisha mama yangu, kwa tarehe ya nyuma, akiwa bado hajazikwa. Baada ya hapo wengine walikuwa rahisi."

"Kaka Ognyan," Tsonko alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakukuwa na mzaha ndani yake, "kaka yangu Minko, yule aliyefia wodini, naye ulimpeleka Sofia?"

"Naye," alisema Hadzhiev.

Tsonko akapandisha barakoa yake hadi machoni, akageukia dirisha na maua.

"Ni wangapi hatuulizi sasa, tutauliza kwa kiapo," alisema Iskra, na sauti yake ilikuwa imara, haina hasira. "Sasa hivi kuna jambo moja tu. Jedwali bado liko wazi. Una haki ya kusahihisha usajili wenye kosa?"

"Ninayo. Kwa saini yangu na maelezo ya sababu."

"Andika sababu: anwani iliingizwa na msajili bila mhusika kuhama. Warudishe wote nyumbani. Anza na mama yako."

Mkono ulikaa juu ya kibodi kwa muda mrefu. Kisha vidole vikaanza. Kila jina liliporudi, mashine ya kuchapisha ilitema hati, Hadzhiev alisaini, Iskra alisaini kama shahidi, Tsonko akagonga mhuri. Na lilipofika jina la Minko aligonga kwa nguvu hadi kikombe cha kahawa kikaruka. Kazi ilikwenda kimya, kwa mpangilio, hadi safu ile iliyokuwa imetulia kama maji ya beseni ikaanza kupanda kwenye kioo, ikaipita wilaya jirani, ikazipita zote.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa ofisa wa zamu wa mkoa, amechanganyikiwa.

"Topla Banya, kuna nini huko? Mlikuwa wa mwisho, sasa mko juu kabisa! Kompyuta yenu imeugua?"

"Inspekta Belcheva wa Sofia hapa. Kompyuta yao ilikuwa inaumwa. Sasa imepona. Hati zenye mihuri zinakujia sasa hivi, ukizipata hesabu mitungi upya."

Upande wa pili kurasa zikafunuliwa. "Kwa jedwali hili," ofisa alisema taratibu, "mzigo mkubwa wa leo ni wenu. Lori liko uani, linapakiwa. Ila dereva hajui njia ya mlimani, na pale daraja la chini kuna barafu."

"Mwambie asitoke bila mimi. Njia hiyo nimeipita asubuhi, nakuja."

Iskra alisimama, akavaa koti. Alichukua tangazo la Bibi Velika kwa ncha za vidole na kumkabidhi Tsonko. "Lirudishe kwenye nguzo. Palepale. Kisha umkalie huyu, asiguse simu."

"Na meya?"

"Meya anaogelea. Acha aoge vizuri, Jumatatu ana safari."

Akiwa ngazini alibonyeza namba ya hospitali. Ilipokelewa mara moja, na kabla ya neno lolote alisikia ile shiiii, vitanda vingi kwa pamoja.

"Daktari Emel, ni Iskra Belcheva."

"Usiniambie 'tutaangalia', binti. Nitakata simu."

"Mitungi uliyobaki nayo itakufikisha lini?"

"Kesho mchana. Nikiwapunguzia, jioni."

"Usimpunguzie mtu. Fungua mitungi yote kama inavyotakiwa."

"Wewe si ulisema huahidi?"

"Nilisema siahidi nisichokijua." Iskra alifungua mlango wa gari, kioo cha mbele kilikuwa kimekauka na barabara ya mlimani ilionekana yote hadi kwenye kona ya kwanza. "Sasa najua. Leo, kabla hujabadilisha zamu, lori litarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi zako za nyuma, nami nitakuwa nimekaa mbele na dereva. Hakuna atakayesubiri mtungi wa jirani yake Jumapili. Nakuahidi, daktari."